Mwongozo kamili wa kupiga picha za mwezi Bagamoyo

Jioni mwezi unapochomoza baharini Bagamoyo, utaona watu wamesimama mchangani wameinua simu. Mbele ya macho yao mwezi ni mkubwa, mwekundu kama sinia la shaba. Kwenye simu kinatoka kidoa cheupe kisicho na sura, kimeelea katikati ya giza. Wengi hukata tamaa hapo na kusema picha za mwezi ni za wenye kamera za mamilioni.

Nimepiga mwezi kwenye ufukwe huu kwa kamera ya bei ndogo na lenzi ya mtumba, na nimeona wenye vifaa vizuri kuliko vyangu wakirudi mikono mitupu. Picha ya mwezi huamuliwa na siku uliyochagua na mahali uliposimama. Kamera inakuja baadaye. Ndiyo maana nusu nzima ya mwongozo huu itapita kabla hatujagusa kitufe chochote.

Mwezi ni mdogo, na mwezi ni mkali

Nyoosha mkono wako, inua kidole cha mwisho, kisha uzibe mwezi kwa kidole hicho. Unazibika wote na nafasi inabaki, kwa sababu upana wake angani ni nusu nyuzi tu. Ule ukubwa unaouona ukiwa karibu na maji ni macho na akili vinavyotudanganya. Ukipimwa, mwezi unaochomoza hauzidi ule wa utosini. Kwa kweli ni mdogo kidogo, kwani ukiwa juu ya kichwa chako umekukaribia kwa kiasi cha nusu ya unene wa dunia, kama kilomita 6,400, kati ya wastani wa kilomita 384,400 zinazotutenga nao.

Kamera haidanganyiki. Ukitaka kujua mwezi utakuwa na ukubwa gani ndani ya kamera yako, chukua urefu wa lenzi kwa milimita, ugawe kwa 110. Lenzi ya 50 itakupa mwezi usiofika nusu milimita kwenye sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ya 200 itakupa milimita 1.8, ya 400 milimita 3.6. Sensa kubwa ya kawaida ina kimo cha milimita 24, kwa hiyo hata hiyo 400 haijazi picha.

Jambo la pili ndilo linaloharibu picha nyingi zaidi. Mwezi ni jiwe. Tena jiwe jeusi, linarudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaolipiga, karibu sawa na lami iliyochakaa. Lakini jiwe hilo limeanikwa kwenye jua kali la mchana. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, inaona giza kila mahali, inaongeza mwanga, na mwezi unaungua kuwa kidoa. Wewe pima mwezi kama unapiga barabara ya lami saa 6 mchana.

Hatua ya 1: Jua leo ni mwezi ngapi

Watu wa pwani tumezoea kuulizana "mwezi ngapi leo?", yaani ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame, na mpiga picha naye aanze na swali hilohilo. Sifa zote tunampa mwezi wa kumi na nne. Lakini kama unataka mwezi pamoja na bahari, vyombo na watu, jioni yako ni ile ya mwezi 13 kuamkia 14.

Sababu ni mwanga. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku ya mwezi mpevu huchomoza karibu na jua linapozama, au baada ya hapo. Siku moja kabla huwahi, na unaukuta angani wakati mchanga, tanga na nyuso za watu bado vina mwanga wa mchana uliobaki. Siku moja baadaye giza limeshaingia, na kila kilicho mbele ya mwezi kitatoka cheusi tii.

Kwa kuwa mwandamo hutegemea ulipoonekana, thibitisha tarehe kwa programu. Stellarium ya kwenye kompyuta ni ya bure. PhotoPills inalipiwa, lakini inakuchorea mstari wa mwezi juu ya ramani, na kwa anayepanga picha hizi mara kwa mara pesa hiyo haipotei. Tafuta siku ambayo mwezi unachomoza kati ya dakika 25 kabla ya jua kuzama na dakika 10 baada yake. Bagamoyo jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea wakati wa mwaka, na kiza chetu cha jioni ni kifupi. Katika dakika ya 10 hadi ya 20 baada ya jua kuzama, mwanga wa anga na mwanga wa mwezi hulingana kwa muda mdogo sana. Picha yako imo ndani ya dakika hizo kumi.

Angalia na maji. Mwezi mpevu huja na bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, na pwani hii siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 jioni na kukupwa karibu saa 4 usiku. Maana yake mwezi unapochomoza maji yanatoka. Ukifika saa 12 utaona vyombo vya karibu bado vinaelea. Saa 2 usiku vingine vimeshaegama mchangani, na mchanga uliolowa unang'aa kama kioo. Panga picha mbili kwa jioni moja: vyombo majini kwanza, kisha mng'ao kwenye mchanga.

Vyombo vyenyewe utavikuta, na sababu yake nilielezwa na nahodha mmoja mzee niliyemkuta akiziba chombo chake karibu na soko la samaki. Nilimuuliza mbona usiku mzuri hivi hawakuingia baharini.

"Mbalamwezi haina dagaa, mwanangu," akasema. "Bahari nzima ina taa. Hiyo ya kwangu nani ataifuata?"

Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, kwa hiyo siku za giza ndizo zao. Mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, na milingoti inabaki imejipanga ufukweni ikikusubiri.

Hatua ya 2: Jua utachomozea wapi

Mwezi mpevu hufanya kinyume cha jua. Mwezi Juni na Julai, jua likiwa kaskazini, mwezi mpevu huchomoza kusini ya mashariki. Ukisimama ufukwe wa mjini utauona upande wa Mbegani, nchi kavu na mikoko ikiwa karibu na mstari wake. Desemba na Januari huhamia kaskazini ya mashariki, juu ya bahari tupu kuelekea Unguja. Tofauti ni kubwa, na ukikisia tu utaelekeza kamera pasipo na kitu. Machi na Septemba huwa karibu na mashariki yenyewe.

Hapa tuna bahati ambayo wapiga picha wa Ulaya hawana. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwezi wetu hupanda karibu wima. Ukiupanga juu ya mlingoti, unabaki juu ya mlingoti kwa muda. Unajivuta kushoto polepole: kwa kila nyuzi 10 unazopanda, ambazo ni kama dakika 40, unasogea kushoto kiasi cha upana wake mara mbili.

Kuhusu anga: kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndipo ninapopata picha zangu safi zaidi, ingawa upepo wa kusi hutikisa kamera. Januari na Februari kuna utusitusi wa joto unaoufanya mwezi uwe mwekundu zaidi lakini bila ncha kali. Masika pumzika, au nenda ukiwa umekubali kwamba huenda usione kitu.

Hatua ya 3: Rudi nyuma

Hapa ndipo siri ya mwezi mkubwa ilipo, naomba usipite haraka.

Huwezi kuukuza mwezi. Unachoweza ni kukifanya kilicho mbele yake kiwe kidogo, na unakifanya kidogo kwa kurudi nyuma. Kanuni ni ile 110 tena: kitu chochote kinalingana na upana wa mwezi ukiwa mbali nacho mara 110 ya ukubwa wake. Mtu wa mita 1.7 analingana na mwezi mzima ukisimama mita 190 hivi kutoka kwake. Ukiwa mita 500 kutoka kwenye jahazi, mwezi utafunika mita nne na nusu za jahazi hilo.

Mara ya kwanza nilisimama hatua thelathini kutoka kwenye ngalawa, kwa lenzi pana, nikidhani ukaribu ndio uzuri. Ngalawa ilijaa picha yote, matengo mpaka pembeni, na mwezi ukawa kama punje ya mtama juu yake. Mwezi uliofuata nilipima kwenye ramani ya simu, nikatembea ufukweni mpaka chombo kile kikawa mbali kiasi cha mita 500, nikaweka lenzi ya 400. Mlingoti wake ulikuwa kama mita 9. Kwa umbali huo, ncha ya mlingoti ilikuwa nyuzi moja juu ya maji, kwa hiyo mwezi ulichukua dakika nne kutoka majini mpaka kileleni. Uliibuka umebonyea chini kama embe, kwa sababu hewa nzito ya karibu na maji huupinda mwanga. Ukapita nyuma ya kamba, kila kamba ikakatiza uso wake kama uzi mweusi. Ulipofika kwenye foromali, ule mti unaoshika tanga, ulikuwa tayari mviringo. Dakika nne zile nilipiga picha thelathini na kitu, na ninazo tatu ninazozipenda hadi leo.

Fanya hesabu hii nyumbani. Pima umbali kwenye ramani, chora mstari kutoka unapotaka kusimama hadi kwenye chombo, na uhakikishe mstari huo unaendelea mpaka pale mwezi utakapochomoza. Kumbuka chombo kilichotia nanga huzunguka na upepo na maji, kwa hiyo acha nafasi ya kutembea hatua ishirini kulia au kushoto. Umbali wa mita 500 ukisogea mita nne na nusu tu, mwezi unahama upana wake mzima. Usiweke kamera mahali usipoweza kuondoka.

Ukitaka magofu ya Kaole, kilomita kama 5 kusini mwa mji, yenye msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, nafasi ya kurudi nyuma ni ndogo kwa hiyo usitegemee mwezi mkubwa. Pale mwezi ni taa tu: acha uwe nje ya picha, uangaze mawe. Ongea na wahifadhi mchana, lipa kiingilio, omba ruhusa ya jioni.

Kuna na picha ya alfajiri ambayo wachache huifuata. Asubuhi ya mwezi mpevu, mwezi huzama magharibi, nyuma ya mji, wakati jua linachomoza baharini na kupiga kuta za zamani za ufukweni. Tatizo ni maji: siku hizo yamejaa karibu saa 10 alfajiri, saa 12 na nusu bado yako juu, na ufukwe umebaki mwembamba. Umbali wa kurudi nyuma hupati. Tumia lenzi ya kati na ukubali mwezi wa wastani juu ya mapaa.

Hatua ya 4: Vifaa

Lenzi ya 200 inatosha kuanza, 300 hadi 400 ni nzuri. Stendi imara ni lazima. Kwenye mchanga uliolowa miguu ya stendi huzama taratibu na picha zinapinda bila wewe kujua. Beba vifuu vitatu vya nazi, uvifukie kidogo mdomo ukiwa chini, kila mguu ukae juu ya kifuu chake. Ning'iniza begi katikati ya stendi kuipa uzito. Betri ya akiba, tochi yenye mwanga mwekundu, kitambaa kikavu.

Kama umelala kwenye chumba chenye kiyoyozi, itoe kamera nje saa nzima kabla, ikiwa bado ndani ya begi lililofungwa. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na lenzi ya baridi ikikutana nayo inashika ukungu palepale. Nimeshakosa kuchomoza kote kwa mwezi nikifuta lenzi iliyokuwa ikishika ukungu upya kila nilipoifuta.

Usiende peke yako usiku. Nenda na mwenzako, waambie wavuvi mnachofanya, na usimpige mtu picha bila kumwomba.

Hatua ya 5: Kupiga

Weka kamera kwenye kuendesha kwa mkono (M). Hifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipunguza. Zima flashi, na kama uko kwenye stendi zima na kile kitulizo cha mtikisiko kilichomo kwenye lenzi. Fokasi iwe ya mkono pia: washa kioo cha nyuma, kuza mpaka ukingo wa mwezi ujaze kioo, zungusha polepole hadi ukingo uwe mkali. Usiamini alama ya umbali wa mwisho (∞) kwenye lenzi. Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera.

Vipimo vya kuanzia, kwa mwezi ulio juu na anga safi: mwezi mpevu, ISO 100 (wepesi wa sensa kushika mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/200 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia). Nusu mwezi, 1/60. Mwezi mwembamba, 1/15 au polepole kidogo. Mwezi ukiwa bado chini karibu na maji, hewa inaumeza mwanga mwingi, kwa hiyo anza na ISO 400, f/8, 1/60, kisha punguza mwanga kila dakika mbili kadiri unavyopanda. Hili la kupunguza ndilo wengi husahau. Mwezi unang'aa haraka kuliko unavyodhani, huku bahari inazidi kuwa giza. Angalia ule mchoro wa mwanga (histogramu) kwenye kamera: ukiona mwezi umegonga ukuta wa kulia, punguza. Giza unaweza kuliinua baadaye kwenye RAW, lakini mwezi ulioungua haurudi.

Kama unatumia shata ndefu kwa ajili ya mchanga na mawimbi, kumbuka mwezi unahama upana wake mzima kila dakika mbili. Kwa lenzi ya 400, ukipita nusu sekunde uso wake unaanza kufifia.

Ukitaka mabonde na milima ya mwezi wenyewe, usiende siku ya mwezi mpevu. Siku hiyo jua linaupiga usoni na hakuna vivuli. Nenda siku ya nusu mwezi, mwezi 7 au 8, utazame mstari unaotenga mwanga na giza. Pale vivuli ni virefu na kila shimo lina kina chake. Ukingojea siku mbili tatu zaidi utaliona Copernicus, shimo lenye upana wa kilomita zipatazo 93. Piga picha 30 au 50 mfululizo, kwani hewa yenye joto huchezesha mwezi kama mvuke juu ya jiko la mkaa, na ni chache tu zitakazoshika hewa ikiwa imetulia. AutoStakkert ni programu ya bure inayochagua zile kali na kuziunganisha.

Kwa mwenye simu

Gusa mwezi kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ifungwe, kisha teremsha kile kijua cha mwanga hadi uso wa mwezi uonekane. Hiyo peke yake inabadilisha kila kitu. Iegemeze simu kwenye kitu, tumia lenzi ya mbali iliyo ndani ya simu, lakini usivute zaidi ya hapo. Kama kuna darubini ya kutazamia ndege, weka jicho la simu kwenye tundu la kutazamia, uishikize vizuri. Vinginevyo fanya mwezi uwe kitu kidogo kwenye picha pana: minazi, mtumbwi, mtoto anakimbia mchangani. Jioni ya mwezi 13 simu inaiweza picha hiyo vizuri kabisa.

Mwezi mwandamo

Hilali haionekani baharini kwetu. Inaandama magharibi, juu ya mji. Simama ukingoni mwa maji ukiangalia nyumba, au tafuta uwanja wazi upande wa bara. Huku kwetu hulala chali kama mtumbwi, pembe mbili juu. Siku ya mwezi 2 au 3 tangu uandame, jaribu shata ya sekunde 1, ISO 800, f/4: utaona na ile sehemu nyeusi ya mwezi ikiwa na kimwanga hafifu. Huo ni mwanga wa jua uliogonga dunia yetu ukarudi mwezini.

Ukifika nyumbani

Punguza kidogo weupe, ongeza ukali wa vivuli, basi. Kuna mtindo wa kubandika mwezi mkubwa kutoka picha nyingine juu ya jahazi. Ukifanya hivyo, andika kwamba umeunganisha picha mbili. Mtu wa pwani anaijua njia ya mwezi, na ukimwekea mwezi mpevu juu ya machweo ataona mara moja kwamba haiwezekani.

Futa kamera, lenzi na stendi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, usiku huohuo. Chumvi ikilala mpaka asubuhi inaanza kula skrubu.

Tarehe ya kuweka kwenye daftari

Septemba 7, 2025 mwezi ulipatwa wote mbele yetu: ulianza kuliwa kama saa 1 na nusu usiku, ukawa mwekundu kabisa kuanzia saa 2 na nusu hadi karibu saa 4 kasoro dakika nane, tayari ukiwa juu mno kwa picha ya vyombo. Desemba 31, 2028 itakuwa tofauti. Mwezi utachomoza baharini, kaskazini ya mashariki, ukiwa tayari umeanza kumegwa, na utafunikwa wote muda mfupi baada ya saa 1 na robo usiku, bado ukiwa chini karibu na milingoti. Andaa ISO 1600, f/5.6, shata ya sekunde 1 na stendi isiyotikisika. Chombo cha kuweka mbele yake kitafute mapema, na uongee na mwenyewe mchana ule akuahidi hatakihamisha kabla ya saa 2 na nusu.